Msumari Kwenye Fyuzi

Jumatatu, 6 Mei

Mama mkwe amepiga simu. Anakuja keshokutwa, atakaa hadi Jumapili! Nyumba ni yake, sisi tunakaa kwa hisani. Sasa amehamia kwa dada yake moja kwa moja na anataka kuikabidhi. Ama kwetu, ama kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi umeme ambaye mtaa mzima unamwita Volti. Kasema haangalii mkubwa wala mdogo. Atampa yule ambaye nyumba haitaungua mikononi mwake.

Nikamwambia mke wangu asiwe na wasiwasi. Akaitazama taa ya sebuleni inavyokonyeza, akasema nimwite kaka yake atengeneze kabla mama hajafika. Nimwite Volti? Hiyo si kumpa fisi bucha alinde? Nimekataa. Mimi si fundi, lakini hao mafundi nao walizaliwa na vyeti?

Jumanne, 7 Mei

Nimekagua nyumba. Nyaya zake zilivutwa kabla mke wangu hajazaliwa, na zinajua hivyo. Pasi na birika la umeme vikiwashwa pamoja, fyuzi inaungua na nyumba nzima inakuwa giza. Nimetoa fyuzi, nimeweka msumari. Msumari hauungui! Kazi ya dakika chache tu. Nashangaa mafundi wote hawa hawajaligundua hili.

Friji ni kesi nyingine. Ukiigusa peku inakupiga shoti hadi unakumbuka madeni. Dawa yake ni kutoigusa peku. Nimeazima buti za mpira kwa muosha magari wa barabara ya nyuma, jozi nne, zote za miguu ya majitu. Nimetangaza sheria mpya ya usafi: hakuna kuingia jikoni bila buti. Binti yangu kauliza uchafu gani unaopanda hadi magotini. Watoto wa siku hizi wanauliza sana.

Jumatano, 8 Mei

Mama mkwe amefika. Nimempokea mzigo, nimemwamkia, nimemkabidhi buti.

Akauliza kama jikoni kumefurika. Nikamweleza usafi. Akavaa, akatembea kidogo. Amezipenda! Anasema vidole vyake havijapumzika hivi tangu ujana. Amekataa kuzivua. Amekaa nazo sebuleni, ameenda nazo dukani, mchana amelala nazo. Friji ameigusa mara nyingi na iko kimya kama haimjui.

Chooni nako salama. Taa yake huwaka mlango ukibamizwa tu, nikamwambia mlango mgumu, asiuonee haya. Alibamiza, taa ikawaka. Akatoka akabamiza, taa ikazima. Akamwambia mke wangu kwamba mlango ule una adabu kuliko watu wengi. Mke wangu alinikata jicho.

Alhamisi, 9 Mei

Volti kaja kumsalimia mama yake. Na mkoba wa zana! Nani humsalimia mama yake akiwa na koleo?

Akaziona buti, akacheka. Akaitazama friji, akaacha kucheka. Akaanza kueleza mbele ya mama kwamba soketi haina waya wa ardhini, kwa hiyo umeme unaovuja kwenye bati la friji unatafuta njia mwilini mwa mtu. Na taa ikikonyeza ujue kuna kiungo kimelegea, na kiungo kilicholegea hupata moto. Nikabadilisha mazungumzo upesi, nikamuuliza watoto hawajambo. Hana watoto.

Halafu akaomba aone kisanduku cha fyuzi. Nikaenda kukiegemea. Nimekiegemea hadi alipoaga. Mama mkwe akauliza kulikoni, nikasema mgongo. Na kweli umepona! Ukuta wa pale una joto zuri sana, sijui kwa nini.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi ilikuwa yangu. Niliwasha pasi, birika, jiko la umeme na televisheni kwa mpigo, mama mkwe akishuhudia. Msumari ukashika! Akasema tangu aingie nyumba hii hajawahi kunywa chai huku nguo zinapigwa pasi. Akaniita mwanangu. Nikaanza kuwaza rangi ya kuta.

Kisha ikaja harufu ya plastiki. Nikasema ni jirani yetu, fundi cherehani, anachoma taka. Sikujua mama mkwe angetoka na buti zake kwenda kumsuta! Jirani akaapa hajachoma hata uzi. Wakavutana mlangoni, mwisho jirani akasema atainusa hiyo harufu mwenyewe. Akaingia ndani akinusa, akapita sebule, akapita korido, akasimama mbele ya kisanduku cha fyuzi. Moshi ukamtokea usoni.

Mimi si mtu wa kuzubaa. Nikachota ndoo ya maji. Mama mkwe, ambaye miaka yote tumesalimiana kwa heshima na kwa mbali, akanidaka mkono na kupiga ukelele: “Maji kwenye umeme? Mwanangu, unataka kutuua?” Ndoo ilikuwa imeshaondoka. Yote ikamwishia jirani. Mke wangu akakimbia kuzima swichi kuu, kisha akampigia kaka yake. Hakuniuliza kwanza.

Jumamosi, 11 Mei

Volti kafika alfajiri. Akauchomoa msumari kwa koleo, akauinua familia nzima iuone, kama jino bovu. Akasema fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe, nyumba isiungue. Ikiungua mtu anauliza sababu, hatafuti kitu kigumu zaidi. Nyaya nyuma ya ule ukuta wangu wa dawa ya mgongo zimeyeyuka. Anavuta mpya, jikoni anapawekea laini yake peke yake, kila soketi inapata waya wa ardhini, viungo vyote vinakazwa.

Nilipewa tochi nimmulikie. Baadaye nilinyang'anywa.

Mke wangu amelia. Alisema amezaliwa humu, amejifunza kutembea kwenye korido ile, na nilikaribia kuitia moto huku nikiota rangi za kuta. Moyo umeniuma. Sisemi kwa mzaha, umeniuma kweli, nikamwomba radhi nikiwa nimepiga magoti.

Ila msumari wenyewe ulishika. Hilo hakuna aliyelitaja.

Jumapili, 12 Mei

Hukumu imetolewa baada ya chai. Volti haitaki nyumba. Kasema ameiona kwa ndani. Nyumba amepewa mke wangu, mke wangu peke yake, na mimi nitakaa kama mgeni wake kwa sharti moja: nisiguse waya, soketi, swichi, fyuzi wala balbu. Taa ikizima, nikae gizani nimpigie shemeji. Nikaapa mbele ya wote. Mke wangu akanishika mkono, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Tumeshinda!

Wote wametoka kumsindikiza mama mkwe. Nimebaki peke yangu, mtu mpya kabisa. Bomba la bafuni linadondoka, to, to, to. Mama mkwe alitaja waya, alitaja soketi, alitaja hadi balbu. Bomba hakulitaja. Na huyo fundi bomba ataitwa kwa kazi gani, kulegeza nati moja?

Naandika haya nikiwa nimesimama juu ya meza ya sebuleni. Nati siioni tena. Lakini lazima nimpe Volti haki yake: soketi kaziweka juu vizuri, maji bado hayajazifikia.