Shirika si Shilika

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Kompyuta mbili zimefika ofisini kwa shirika letu la wachimbaji wadogo, Shinyanga mjini. Kubwa iko chumba cha nyuma. Inatunza daftari la vitalu vya dhahabu, Kahama hadi Geita. Ndogo iko mezani pangu. Ndogo huita kubwa kwa jina, kubwa huonyesha cheti chake, ndogo ikiridhika daftari hufunguka. Utaratibu wa kiungwana.

Fundi Selestine ameacha karatasi ya maelekezo. Jina la kompyuta kubwa ameandika "shilika". Shilika! Nimefundisha sarufi miaka thelathini na mmoja ili nisome hayo? Nimesahihisha kwa wino mwekundu.

Mwenyekiti, Mzee Mageni, ametangaza: atakayefungua daftari Ijumaa mbele ya wageni kutoka Geita ndiye Mkuu wa Masjala. Tunaogombea ni mimi na Paskalina, ambaye husema "hizi vitalu". Yaani ni mimi.

Jumanne, 9 Novemba

Nimeandika "shirika", kama inavyostahili. Imekataa. Makosa mawili: cheti hakijaanza kutumika, na jina halilingani.

Nimempigia Selestine, yuko Mwanza. Akaniamkia vizuri, kisha akaniambia nitazame tarehe ya mashine. Kumbe ndogo ilidhani tuko Januari 1980! Kwake cheti cha mwaka huu kilikuwa bado hakijazaliwa. Nimerekebisha. Kosa moja limetoweka. Nani asemaye wazee hawawezi?

Akauliza kama jina nimeliandika vilevile alivyoliandika yeye. Nikamjibu nimeliandika vizuri zaidi. Akashukuru.

Jumatano, 10 Novemba

Jina halilingani. Nimefikiri tangu asubuhi, hatimaye nimegundua. Ni jina langu! Kwenye orodha ya watumishi Paskalina amechapa "Batolomeo". Mimi ni Bartholomeo. Hujuma tupu.

Nimemkabili. Akacheka mpaka akashika meza, akaniambia, pole Mwalimu, mashine imekufelisha. Mimi! Kufelishwa na kitu kisichojua ngeli!

Alhamisi, 11 Novemba

Jina likitofautiana na cheti, mtu huenda kuapa. Hilo hata wanafunzi wangu wa shule ya Didia walilijua. Nimekwenda kwa wakili, nimekula kiapo kwamba Batolomeo na Bartholomeo ni mtu mmoja. Wakili akauliza hati inapelekwa wapi. Nikamwambia: kwa kompyuta. Akagonga muhuri.

Nimeibandika hati juu ya kompyuta kubwa. Jina bado halilingani. Mashine hii haina heshima kwa mahakama.

Ijumaa, 12 Novemba

Fedheha.

Wageni wamekaa. Nimeandika "shirika" mara tisa, mara ya mwisho kwa herufi kubwa. Mgeni mmoja akanong'ona kwamba kule machimboni tungekuwa tumeshafika kwenye mwamba. Mzee Mageni akamwita Paskalina. Yeye akaichukua karatasi ya Selestine, akaielekeza dirishani, akasoma kilichokuwa chini ya wino wangu. Akaandika "shilika". Daftari likafunguka kabla sijavaa miwani.

Kumbe cheti nacho kimeandikwa "shilika"! Kosa limepewa cheti! Na wageni wakapiga makofi.

Paskalina ndiye Mkuu wa Masjala. Alinifuata baadaye, akasema shikamoo Mwalimu, usiweke moyoni. Nikaitikia marahaba. Adabu anayo, sarufi hana.

Jumamosi, 13 Novemba

Paskalina amenipa kazi. Jumatatu watumishi wa vyumba vyote wanakuja kutumia daftari, kwa hiyo niandike jina la kompyuta kubwa kwenye kibao, kwa mwandiko wangu mzuri, nikibandike mlangoni ili kila mtu alinakili. Akasisitiza niandike herufi kwa herufi.

Nimeandika herufi kwa herufi. SHIRIKA. Nimetumia gundi ya seremala, hakibanduki.

Jumatatu, 15 Novemba

Daftari limewakataa wote, Mzee Mageni akiwa wa kwanza. Paskalina amejaribu kukibandua kibao, ameshindwa, sasa anapiga simu Mwanza. Nimewatuliza. Nimewaeleza kwamba tatizo hili ninalifahamu vizuri: warekebishe tarehe, kisha kila mmoja aende akale kiapo.