Mlinzi Wetu na Soda Nyekundu

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Rufaa za Kodi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni Lamduan, mjane wa Bwana Chuchip, aliyekuwa mwenye kiwanda cha barafu hapa Bang Krathin. Nalalamikia, kwa heshima zote, jinsi mlivyoichunguza rufaa ya kampuni yetu.

Marehemu aliiandika soda nyekundu ya kila siku katika gharama za ulinzi. Mnywaji ni Babu Mwenye Eneo, mzimu anayelinda kiwanja, anayekaa kwenye kibanda chake langoni na ambaye kwa desturi yetu huwekewa soda. Ofisi ya kodi ilikataa, tukakata rufaa, nanyi mkamtuma mchunguzi, Bwana Thawin.

1. Aliniuliza, "Shangazi, huyu mlinzi yuko wapi nimhoji?" Nikamwonyesha kibanda. Akataka kitambulisho. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu yuko hapa tangu kabla ya serikali. Nani angempa?"

2. Alivuta kiti, akaitazama chupa mchana kutwa aone kama itapungua. Haikupungua. Akaandika: "Mlinzi hanywi." Ndugu Mwenyekiti, hata wewe ukikodolewa macho na mtu mwenye kalamu, soda ingekupita kooni? Enzi za marehemu, kila jioni niliikuta chupa imebaki nusu. Na hatujaibiwa hata kipande cha barafu.

3. Mmesema asiyekatwa kodi si mfanyakazi. Huyu analipwa soda na kila siku alibakiza nusu. Hiyo nusu ndiyo kodi yenu; hamkuja kuichukua.

4. Hili ndilo lililoniuma. Kabla ya kuondoka, Bwana Thawin alivua viatu, akampigia magoti mlinzi huyohuyo aliyemkana, akaomba apandishwe cheo. Juzi amerudi na shada la maua. "Shangazi, nimepata!" Kumbe mlinzi wetu kwetu hana kazi, ila kwenu anayo? Basi soda zake zote mlipe ninyi.

Naomba mlinzi atambuliwe. Rufaa hii ndiyo karatasi ya mwisho aliyoitia saini mume wangu. Aliniambia, "Hata ukishindwa, Lamduan, usikubali waseme nilidanganya."

Nisalimie wajumbe wote, na yule mama anayewapikia chai, maana ndiye pekee aliyenipa pole.

Ni mimi, mtiifu wa sheria na mbishi kidogo,
Lamduan Phetsuk

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, nimelichukua koti la marehemu la chumba cha barafu nilifue. Mfukoni mna mrija, ncha yake bado nyekundu. Daktari alimkataza sukari, nami nilikuwa nikimchunga kama askari. Bwana Thawin aliandika kweli. Marehemu alitudanganya sote, ninyi na mimi. Futeni rufaa.

Soda ya leo nimeiweka mbele ya picha yake, kwa gharama yangu. Nimemtilia na mrija wake. Simchungi tena.