Kuhusu Mluzi wa Dada Yangu, Ambao Kampuni Yenu Inautumia Kunifunga Masikio

Ghorofa ya nne, mlango wa kushoto,
juu ya duka la fundi saa.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vifaa vya Kusikilizia.

Ndugu Meneja,

YAH: MLUZI WA FAMILIA KUTUMIWA BILA RIDHAA YA WENYEWE

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na masikio yako, Mungu akujalie, yakiwa bado ni yale uliyozaliwa nayo. Yangu yalianza kuaga miaka sita iliyopita, la kushoto likitangulia. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ofisi yenu hupokea malalamiko kwa simu tu, na malalamiko yangu ni kwamba kwenye simu sisikii. Nilipomweleza hivyo mhudumu wenu, aliniomba kwa adabu kubwa niendelee kusubiri kwenye laini. Nadhani ndivyo alivyosema.

Kabla sijalalamika, nikuhakikishie kwamba kifaa chenu nimekielewa. Kwa miaka ishirini na minane nilikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji, na kijitabu chenu cha maelekezo nimekisoma mara tatu. (Ukurasa wa kumi na nne una makosa manne. Nimeyaorodhesha kwenye karatasi ya pembeni, bila kinyongo.) Kijitabu kinasema kwamba simu haihitaji waya wala mtandao ili kuongea na vifaa vya masikioni. Simu hutoa mlio mfupi kama wa ndege, kifaa kinausikia, na ndani ya mlio huo mna amri: fungua, ongeza, punguza, niko barabarani, niko kwenye muziki, nyamaza. Mlio mmoja, amri moja. Mkwe wangu, ambaye ni muuguzi na ndiye aliyeniletea zawadi hii, anabonyeza simu, simu inalia, nami naanza kusikia vijiko vikigongana jikoni. Sina ugomvi na hilo. Ni kazi ya watu wenye akili, na wahandisi wenu wapewe salamu zangu.

Ugomvi wangu ni huu.

1. Mlio wenu wa kunyamazisha ni mluzi wa dada yangu.

Sisemi unafanana nao. Ni wenyewe: sauti mbili fupi, moja ndefu, kisha moja inayopanda na kukatika ghafla, kama mtu aliyetaka kuuliza jambo akaghairi. Baba yetu alitufundisha mluzi huo ili tuitane tukiwa shambani. Asubuhi tuliyoondoka kwetu nilikuwa na miaka tisa, dada ana kumi na minne. Kwenye kituo cha malori watu walikuwa wengi kiasi kwamba niliuachia mkono wake mara moja tu, nikajikuta nimesimama peke yangu kati ya magodoro na masufuria ya watu nisiowajua. Kisha nikausikia mluzi. Aliupiga, akaupiga, mpaka nikamfikia. Tangu siku hiyo, miaka sitini sasa, mimi na dada hatuulizani hali. Yeye hupiga mluzi, mimi hujibu kwa mluzi uleule, ndipo mazungumzo yanaanza.

Ningependa kujua mliupata wapi. Sisi hatukuwahi kuuandika popote.

2. Dada anaishi peke yake katika mji mwingine, safari ya siku mbili kwa basi, na hunipigia kila Jumamosi saa nne asubuhi, mkwe akiwa kazini. Napokea. Dada anapiga mluzi. Papo hapo kifaa chenu, kwa utii ambao sijauona hata kwa askari wa gwaride, kinanyamaza. Kuanzia hapo simu kwangu ni kipande cha kioo chenye joto. Najibu mluzi, maana adabu ni adabu, kisha nasema yangu, na baada ya kila kitambo ninachokikadiria kuwa cha kutosha naongeza: "Ndiyo, dada. Kweli kabisa. Wewe unajua zaidi."

Simu haiwezi kutoa mlio wa kufungua ikiwa katikati ya maongezi. Hilo mmelieleza wenyewe, ukurasa wa kumi na nne, katikati ya makosa. Nikivua vifaa, sisikii hata kengele ya mlango. Nilijaribu kuupiga mlio wa kufungua kwa mdomo wangu, lakini unahitaji meno mawili ya mbele ambayo niliyaacha katika nchi mbili tofauti.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie dada aache mluzi. Nilimwomba mkwe amwandikie ujumbe. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa: "Mwambie mdogo wangu mluzi huu ndio uliomtoa kituo cha malori. Kama masikio yake mapya hayautaki, ayarudishe dukani."

3. Sasa nikueleze hasara, ili usidhani nalalamika kwa kukosa shughuli.

Kwa Jumamosi kumi na moja mfululizo nimemuuliza dada swali moja: utakuja kuishi na sisi? Amenijibu, nina hakika, maana si mtu wa kukaa na jibu mdomoni. Jibu sijalisikia. Wakati huohuo chumba kidogo kimeshaandaliwa. Kitanda kimetandikwa, na vitabu vyangu nimevitoa humo nikavipanga koridoni kwa mpangilio mzuri kabisa, ambao mkwe ameuvuruga kwa kujikwaa mara mbili kwenye kamusi. Juzi aliniambia: "Baba, shangazi anakuja, au tuzitandikie kamusi kitandani zilale?"

Aliniambia pia kwamba anaweza kumuuliza yeye mwenyewe, kwa ujumbe, mistari miwili tu. Nilimkatalia. Yapo maswali ya kumtuma mtu, na hili halimo. Dada yangu ana miaka sabini na minne, na tangu tupoteze nyumba yetu hajakubali kulala kwenye nyumba ya mtu zaidi ya siku tatu, asije akaonekana mzigo. Akikataa, nataka akatae kwenye sikio langu mwenyewe, nijue alikatalia wapi, kwa pumzi gani, na kama kuna mahali aliposita. Mistari miwili haina mahali pa kusita.

Kwa ajili ya ukweli niongeze kwamba zamani, nilipokuwa nasikia, simu zetu zote ziliishia kwenye ugomvi. Dada husema kwamba asubuhi ile tunaondoka, mimi ndiye niliyeliacha wazi dirisha la jikoni. Mimi nakumbuka vizuri kwamba la jikoni lilikuwa lake. Nyumba ile haipo. Dirisha halipo. Ugomvi upo. Lakini hata ugomvi, Ndugu Meneja, mtu anapenda ausikie.

4. Ndege wa kinyozi.

Kinyozi wa mtaa wetu ana ndege mdogo wa manjano anayemwita Karani, kwa sababu huinamisha kichwa wakati wateja wakisema, kama anayeandika kumbukumbu za kikao. Wazee sita wa mtaa huu tunatumia vifaa vyenu, na asubuhi hukaa pale kwa kinyozi tukisoma magazeti. Kwa kusikiliza simu zetu, Karani alijifunza milio yenu yote ndani ya wiki mbili, isipokuwa wa kunyamaza, kwa vile hakuna mzee anayekwenda kwa kinyozi ili asisikie habari.

Mwanzoni alitusumbua. Uko katikati ya tahariri, yeye anakuweka barabarani. Uko katikati ya habari za msiba, anakuweka kwenye muziki. Kisha fundi cherehani mstaafu, mmoja wetu, akagundua kwamba akipewa mbegu za alizeti hutoa mlio wa kufungua. Tangu hapo kila asiyesikia huja na mbegu mfukoni. Kinyozi akiniona mlangoni huuliza: "Mzee wangu, leo ni kunyolewa au kufunguliwa?" Nakuomba uzingatie kwamba ndege huyu alitoa huduma ambayo ofisi yenu haijawahi kutoa, na hakumwambia mtu hata mmoja asubiri kwenye laini.

Hapo nikapata wazo. Simu ya dada nitaipokea kwa kinyozi. Dada atapiga mluzi, nitafungwa, Karani atapata mbegu, nitafunguliwa, nitasikia jibu. Nilimfanyisha mazoezi Alhamisi na Ijumaa, na hakukosea hata mara moja.

Jumamosi, saa nne kamili, simu ikaita. Niliiweka sauti ya juu nikaishika karibu na tundu la Karani. Dada akapiga mluzi. Karani akainamisha kichwa. Akaziangalia mbegu. Akaziacha. Kisha akaupiga mluzi ule kwa ufundi kuliko dada, kuliko baba, kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia.

Kwa bahati nzuri nina shahidi, kwa sababu mimi nilikuwa sisikii tena. Wazee wote sita tulifungwa kwa mpigo mmoja. Fundi cherehani alikuwa anasimulia upasuaji wake wa tumbo, na kwa kuwa hakuna aliyeshtuka, hata yeye, aliendelea nusu saa. Aliyemsikia ni kinyozi peke yake, ambaye mwishowe aliniandikia pembeni mwa gazeti: "Amefika kwenye nyuzi. Nimwambie, au nimwache amalize?"

Kila mmoja akatafuta simu yake, akafungua masikio yake. Karani akatufunga tena. Tangu siku ile amesahau milio mingine yote na mbegu hazitaki. Ameupenda mluzi wetu. Simlaumu. Lakini kinyozi sasa hana mteja aliyezidi miaka sitini na mitano, na tukikutana barabarani ananitazama kwa namna ambayo haihitaji kusikia.

5. Kwa hiyo mambo yamefika hapa. Mluzi ni wa dada yangu, na aliutumia miaka mingi kabla kampuni yenu haijazaliwa. Ikiwa mluzi ni wake, basi amri iliyomo ndani yake ni yake. Ikiwa amri ni yake, basi kila mtu aliyewahi kunyamazishwa na vifaa vyenu, popote alipo, amenyamazishwa na dada yangu. Hilo ni jambo zito kumbebesha mwanamke anayeishi peke yake. Sijamwambia. Nahofia atafurahi.

Naomba, kwa heshima zote:

(a) Mlio wa kunyamaza ubadilishwe. Chagueni sauti ambayo hakuna binadamu aliyewahi kumwitia ndugu yake aliyempotea: breki za lori, au kiti kikiburutwa ofisini.

(b) Karani aajiriwe rasmi kama wakala wenu wa mtaa, apewe kitambulisho, na atumiwe mtaalamu wa kumrudisha kwenye masomo.

(c) Dada aombwe radhi kwa maandishi, na asomewe na mtu mwenye sauti, ana kwa ana. Si kwa simu.

(d) Hadi hayo yatakapotimia, mhandisi wenu mmoja awe anasimama kando yangu kila Jumamosi saa nne asubuhi, kidole kikiwa tayari. Chai tutampa. Kiti hatuna, vitabu vimekaa.

Nifikishie salamu kwa wahandisi, kwa mhudumu wa kwenye simu kama bado yupo kwenye laini, kwa aliyeandika ukurasa wa kumi na nne, na kwa masikio yote yaliyo chini ya uangalizi wenu.

Wako katika ukimya usio wa hiari,

Msahihishaji Prufu Mstaafu

Baada ya saini:

Barua hii ilikaa mezani siku tano ikisubiri stempu. Juzi mchana nilikuwa peke yangu, napanga upya vitabu koridoni, nikausikia mluzi kwenye ngazi. Nikausikia wote, mpaka pale unapopanda na kukatika. Kisha kimya.

Nilifungua mlango. Dada alikuwa amesimama na begi moja, kitambaa cha kichwa kimemteleza, na nyuma ya masikio yake, yote mawili, vifaa vyenu, rangi ileile ya kahawia kama vyangu. Nikamjibu mluzi. Tukaongea pale mlangoni, kila mtu na yake, kwa muda ambao sikuupima. Simu yangu ilikuwa kwenye chaji na ya kwake chini kabisa ya begi, na hakuna aliyetaka kumkatiza mwenzake. Ndivyo mkwe alivyotukuta alipotoka kazini. Alibonyeza simu, mlio mmoja, tukafunguka wote wawili.

"Nimekuuliza Jumamosi kumi na moja kama nije," dada akasema, "na hukunikatalia hata mara moja. Wewe! Nikasema, huyu sasa amekua."

Alikuwa anajifunga kwa mdomo wake mwenyewe kila akiniita. Nilipomuuliza kwa nini alinificha habari za vifaa, alisema: "Ungesema nimezeeka." Kumbe mimi nilikuwa namwomba aje, yeye anaomba aje, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Sijawahi kuelewana naye vizuri namna ile kwa simu katika maisha yangu yote.

Sasa amelala chumba kidogo siku ya pili, na tunasikiana kikamilifu. Habari ya dirisha ilianza jana kabla ya chai. Kwa hiyo nakuomba uyaweke kando malalamiko yangu yote, la kwanza hadi la tano, na mlio wa kunyamaza msiuguse hata kidogo. Karani naye aachwe. Dada amekwenda kumwona, wamepatana. Makosa ya ukurasa wa kumi na nne ndiyo pekee yanayobaki.

Jana jioni ugomvi ulipopamba moto, mmoja wetu, sitasema nani, alipiga mluzi. Mmoja unatutosha wote wawili. Tukakaa jikoni bega kwa bega. Baadaye dada akasema jambo refu, polepole, akilitazama dirisha, na mahali fulani katikati nikaona amesita. Nikamjibu: ndiyo, dada. Kweli kabisa. Wewe unajua zaidi.