Bata wa Kanda ya Kaskazini

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Nimeitwa ofisini kwa Mkurugenzi. Nikaingia bila kupumua, nikatoka sijapumua bado. Muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Ama nithibitishwe kazini, ama nirudi kwa Baba, ambaye ana mashine ya kusaga nafaka na ameshanishonea aproni. Yenye jina langu! Kifuani!

Kazi yetu si ngumu kuieleza. Maduka ya mtandaoni yanataka kujua kama vifurushi vyao vinawafikia wateja kwa wakati. Wasafirishaji wakiulizwa, vinafika. Wateja wakiulizwa, havifiki. Basi sisi tunapima. Tunatuma vifurushi vya majaribio kwa wapokeaji wa siri katika kanda nne za mji, na kila mpokeaji anatuambia saa aliyopokea. Kikifika kabla ya saa sita mchana, kimewahi. Kikifika baadaye, kimechelewa.

Ugumu ni kuwapata hao wapokeaji. Inabidi upige hodi kwa mtu usiyemjua. Mimi nimesoma, takwimu nimefaulu vizuri sana, lakini hodi siiwezi. Wiki jana nilisimama mbele ya mlango mmoja mpaka mwenye nyumba akarudi kutoka kazini. Akaniuliza kama nimepotea. Nikasema ndiyo. Akanielekeza stendi. Nikaenda.

Kwa hiyo leo nimetumia akili. Nyumba ya Shangazi, ninakoishi, ina mlango wa mbele, mlango wa nyuma, geti la pembeni na dirisha la jikoni. Kanda ni nne. Kusini, Kaskazini, Mashariki, Magharibi! Anwani za wapokeaji ni siri, hata Mkurugenzi haruhusiwi kuziona, zisije zikawavujia wasafirishaji. Nani atajua?

Shangazi nimemwambia ni utafiti. Akauliza mna nini ndani ya vifurushi. Nikasema viatu, vya duka la viatu la mtandaoni. Akasema kama ni viatu, hata nikitaka avipokelee juu ya paa atapanda. Nikamfundisha kanda zake: mbele Kusini, nyuma Kaskazini, geti Mashariki, jikoni Magharibi. Amezishika upesi kuliko mimi.

Jumanne, 5 Machi

Vifurushi vya kwanza! Shangazi alipiga simu, nikaipokea nikiwa nimejibanza kwenye stoo ya karatasi.

Kusini, kimewahi. Mashariki, kimewahi. Magharibi kilipitishwa dirishani wakati anaosha vyombo: kimewahi, kimelowa. Kaskazini, hakuna kitu.

Nikauliza kulikoni. Akasema Afande.

Afande ni bata bukini wake. Asubuhi hulala kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na asiyemjua hapiti. Mpanda pikipiki wa kampuni ya usafirishaji, kijana mmoja wanamwita Kimbunga, alichungulia kona ya nyumba, akatazamana na Afande, akarudi kinyumenyume hadi kwenye pikipiki. Shangazi akamwambia mwanangu, si ukiache hapa mbele tu. Akajibu, hapana mama, lebo inasema mlango wa nyuma, mimi kazi yangu ni lebo. Atarudi mnyama akienda kuoga. Akarudi saa tisa alasiri.

Nimeandika kama ilivyokuwa: Kaskazini, kimechelewa. Siwezi kudanganya katika takwimu.

Shangazi kapiga tena. Viatu vyote ni vya mguu wa kushoto! Ameniuliza tangu nizaliwe nimemwona ana miguu mingapi ya kushoto. Nimeulizia. Kumbe duka hutuletea vile vilivyopotewa na wenzake, kwa kuwa ni vya majaribio tu. Nimemwahidi vya kulia wiki ijayo. Sina vya kulia.

Jumatano, 6 Machi

Mkutano mkubwa. Kaja meneja wa duka lenyewe, mama mmoja mnene wa sauti, ofisini tunamwita Mama Viatu. Jana na leo Kaskazini imechelewa, na Mtanashati amechora grafu.

Mtanashati ni karani mwenzangu. Meza yake iko dirishani. Yangu inagusa mlango wa choo, nikiandika wengine wananiruka. Anavaa tai hata siku ya joto, na grafu zake zina rangi. Leo Kaskazini ameipaka nyekundu, akaizungushia duara, akaitazama kwa huzuni kama amefiwa.

Kila mtu akatoa sababu zake. Mhasibu akasema ni barabara. Mtanashati akasema ni wakazi wenyewe, hawana mwamko wa kupokea. Mkurugenzi akasema watu wa kaskazini ya mji anawajua, ndivyo walivyo, shemeji yake ametoka huko. Mama Viatu akagonga meza. Kaskazini isiporekebika kufikia Ijumaa, kanda nzima haiuziwi tena kiatu!

Robo ya mji peku kwa ajili ya bata!

Wakanigeukia. Nikasimama. Nikasema nionavyo mimi kuna kikwazo cha kimaumbile. Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtanashati akadakia, kikwazo gani hicho? Nikasema hakijatulia, kinahamahama. Wakaandika wote.

Jioni nikaenda kuzungumza na Afande. Nimempa mkate. Kaula. Kisha kala kishikizo cha mkono wa shati, akabaki ananiangalia kama nina kingine. Nikamwomba Shangazi amfungie bafuni hadi Ijumaa. Shangazi akasema Afande alikuwa humu ndani kabla yangu, na kama kuna wa kulala bafuni tutajadiliana.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata ufumbuzi! Kabla ya kwenda kazini nilimfunga Afande kamba, nikamvuta mpaka upande wa mbele. Imenigharimu kiganja na heshima kwa majirani. Lakini mlango wa nyuma ukabaki bila mlinzi.

Saa sita na nusu simu ikalia. Kaskazini kimewahi! Nikarukaruka ndani ya stoo, rimu za karatasi zikaniangukia.

Kusini kimechelewa.

Bila shaka. Afande alikuwa Kusini.

Mtanashati akapiga yowe ofisi nzima ikasikia: tatizo limehama! Mkurugenzi akaja mbio, akaiangalia grafu, akaniangalia mimi. Akasema kijana huyu alisema jana kwamba kitu hiki kinahamahama, na kweli kimehama. Akanishika bega. Akasema kwa akili za namna hii, kesho mkono wake hautasita kutia saini. Nikaiona ile aproni ikipewa mtu mwingine.

Nilipaswa kukaa kimya. Nikakaa kimya. Lakini Mtanashati ana wivu, hakukaa. Akasema dawa ya kitu kinachohama ni kukifuata. Kesho tupande gari, tufuate kifurushi cha Kaskazini kutoka ghalani hadi kwa mpokeaji, bila kusogelea, tuone kinakwama wapi. Mkurugenzi akasema hapo ndipo penye kazi ya kisomi. Mama Viatu naye, kwa simu, anakuja.

Nimesema naumwa tumbo. Mkurugenzi amesema mimi ndiye mtaalamu wa kikwazo, nitakaa mbele.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nimesimama. Nitaeleza.

Kimbunga alitoka ghalani na vifurushi vyake, sisi nyuma. Mtanashati ameshika saa. Baada ya muda Mkurugenzi akauliza mbona tunaelekea kusini. Nikasema ni njia ya mkato. Tukazidi kwenda kusini. Mama Viatu akasema mkato huu ni mrefu. Nikasema Kaskazini ni pakubwa. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Pikipiki ikasimama kwa Shangazi. Nikapendekeza tuangalie kwa mbali. Hakuna aliyebaki nami garini. Kimbunga, ambaye Shangazi keshamsimulia habari zangu, akaniona, akafurahi, akapaza sauti: bosi mdogo, leo Afande kalala mlango gani?

Mkurugenzi akauliza Afande ndiye nani. Shangazi akatoa kichwa dirisha la jikoni, akasema mwanangu umerudi na wageni, na hukuniambia! Na viatu vya kulia umeleta? Kisha akawakaribisha kwa moyo mmoja. Karibuni Kusini, piteni, ila viatu mvulie pale Mashariki, Magharibi kuna maji sakafuni.



Mtanashati akaitazama nyumba. Akatazama mlango, geti, dirisha. Akahesabu kwa vidole, taratibu, raha tupu usoni. Akauliza kwa upole, na Kaskazini ni wapi, mama? Shangazi akaonyesha nyuma. Mkurugenzi akaenda kuhakikisha mwenyewe.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Alirudi mbio, Afande kamng'ang'ania nyuma ya goti. Nikajitosa kumwokoa. Kweli Afande alimwachia. Akanigeukia mimi, na mahali aliponishika ndiyo sababu naandika nimesimama. Mkurugenzi akapanda juu ya boneti ya gari, na kutoka huko akanihutubia. Akasema miaka yake yote hajapata kuona mtu aliyeupima mji mzima bila kutoka nyumbani kwa shangazi yake! Alikuwa amekaa mkutano mzima kujadili ngazi ya mlango wa nyuma! Nirudishe funguo za stoo, nichukue vitu vyangu.

Mama Viatu ndiye aliyeniokoa. Alicheka mpaka akashikilia Mashariki asianguke. Akasema makarani wote wanaompimia humletea grafu za kijani tupu, kila kitu kimewahi, hata siku ya mafuriko. Huyu angalau bata akizuia kifurushi anaandika kimezuiwa. Mpe mwezi mmoja.

Mkurugenzi akakubali, kwa masharti, bado yuko juu ya boneti. Sijathibitishwa. Nina mwezi. Nitafute wapokeaji wa kweli, watu nisiowajua, nyumba mbalimbali, kanda zote. Nikishindwa, kwa Baba moja kwa moja. Baba kapiga jioni kuuliza kiuno changu ni saizi gani.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetafakari Jumamosi na Jumapili, kwa kina, nimelala kifudifudi. Makosa yangu nimeyaona yote. Nyumba ilikuwa ndogo. Milango ilikuwa michache. Na ndugu hawana siri.

Leo mchana nimekwenda kwenye nyumba ya kulala wageni, mtaa wa pili kutoka ofisini. Korido ndefu, milango pande zote mbili, kila mmoja na namba yake! Mhudumu wa mapokezi ni mpole, anakubali kupokea vifurushi vyote na kuandika saa. Vyumba vya chini Kusini na Mashariki, vya juu Kaskazini na Magharibi. Nilimuuliza kama wanafuga chochote. Hawafugi.

Akasema vyumba vingi viko tupu, isipokuwa kimoja cha juu, mwishoni. Humo kuna mzee mmoja, mkurugenzi wa kampuni fulani, nyumba yake inapakwa rangi, atakaa mwezi mzima. Kaja Ijumaa jioni anachechemea, suruali imechanika nyuma ya goti, hataki kusema kilichomsibu. Anapenda utulivu, na kila kinachopita mlangoni kwake anakiulizia.

Maskini. Nimemhurumia. Mtu makini kama huyo ndiye anayefaa kazi yetu. Nimempa Kaskazini.