Tovuti Iliyokosa Pa Kulala

Jumatatu, 16 Juni

Nimeshtuka. Na si kwa baridi ya Tunduma, ingawa nayo ipo. Nimeamka, nimefungua simu hata uso sijanawa, nimekwenda moja kwa moja kwenye tovuti yangu kuona watu wamesengenyana nini. Haipo! Ukurasa mweupe. "Akaunti hii imesitishwa."

Mpakani Bila Pazia! Mtandao pekee wa kijamii uliozaliwa Tunduma, ambamo kila mtu anasema lake bila kutaja jina! Madereva wa malori, mawakala wa forodha, wanakwaya, wote wamo. Nilidhani umeme umekatika huko Dar kwenye ile kampuni inayonihifadhia tovuti. Kumbe wamenikata wao. Barua pepe yao inasema wamepokea malalamiko kuhusu chapisho linalomsema mama mmoja mpishi, wakaniandikia tena na tena nilifute, sikujibu, basi huduma imekoma. Kweli waliandika. Nilidhani ni matangazo.

Chapisho lenyewe dogo tu. Mtu anayejiita Jicho Kavu kasema Mama Tusekile, yule wa karibu na maegesho ya malori, anatia dawa kwenye maharage ili wateja wasimhame. Nimeandika mimi? Sikuandika. Mimi nimelibandika tu juu kabisa ya ukurasa, kwa sababu ndilo lililosomwa kuliko yote. Huo ni uhuru wa maoni. Nimewapigia simu kuwaelimisha. Dada aliyepokea akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba na wao wana uhuru wa kuchagua wateja. Tangu lini mwenye duka akamchagua mteja?

Na Jumamosi ndiyo hiyo inakuja! Jumamosi mshenga wangu, baba mdogo Osea, anapeleka posa kijijini Nanyala, kwao mpenzi wangu Restuta. Baba yake, Mzee Eliakim, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, alishasema binti yake haendi kwa kijana ambaye kazi yake haionekani. Nilimwambia nina kampuni ya mawasiliano. Akasema vizuri, siku ya posa nije nayo aione. Nikajibu kwa kifua mbele kwamba itakuwa mkononi mwangu. Sasa mkononi nina ukurasa mweupe.

Mchana nimekula kwa Mama Tusekile. Maharage yake hayana mpinzani mkoa mzima, na siku hizi hakuna foleni, unakaa benchi unalotaka. Amenijazia sahani mpaka ikamwagika. "Mwanangu Ambilikile," akasema, "wote wamenikimbia. Umebaki wewe." Nimemhurumia sana. Watu wanaamini kila wanachosoma.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata mpango, na nashangaa kwa nini sikuuona jana. Sisi wa Tunduma kitu kikikwama huku tunafanyaje? Tunakivusha! Nina nakala ya tovuti nzima kwenye flashi. Nimeitia ndani ya soksi, nikapita vichochoroni, nikatokea Nakonde, Zambia. Ningeweza kupita getini nikiwasalimia maofisa, hakuna sheria inayokataza flashi. Lakini kitu kilichokataliwa hakipitishwi getini. Ndivyo tulivyolelewa.

Bwana Mulenga ana ofisi ya kuhifadhi tovuti juu ya duka la matairi. Kanipokea kwa "mukwai" nyingi, yaani heshima tupu. Kiswahili cha kununulia mchele anacho, cha kusoma hana. Huyo ndiye mtu! Kabla ya chakula cha mchana tovuti ilikuwa hewani. Nimempigia yule dada wa Dar kumjulisha kwamba Zambia kuna uhuru. Kanitakia kila la heri.

Jioni imezimwa. Nimerudi Nakonde mbio mpaka soksi zimeshuka. Kumbe Mulenga ana mke, na mke ni wa Tunduma hii hii, naye kamsomea. Kumbe aliyepika harusini kwao ni Mama Tusekile! Mulenga akatikisa kichwa. "Awe, mukwai," akasema, hapana bwana, akanirudishia flashi kaishika kwa ncha za vidole, kama panya.

Nchi mbili zimenikataa! Hata mahindi yenye fukusi hupata nchi moja ya kuyapokea.

Jumatano, 18 Juni

Nimejishusha. Nimekwenda kwa Danford, mwenye Tunduma Moto, tovuti ya kuiga-iga isiyo na ladha. Nimemwomba anipe kakona kwenye nafasi yake mpaka Jumamosi ipite. Akacheka kwanza, mbele ya watu, halafu akasema atanipa, tena leo hii, ila nifute lile chapisho. Nibonyeze tu mara moja.

Nimemweleza kuhusu msimamo. Isitoshe, likifutwa hilo, wasomaji wote wanaondoka, na Mzee Eliakim ataonyeshwa kampuni tupu. Danford akaniuliza kama lingekuwa linanihusu mimi ningeliacha. Swali la kitoto! Likinihusu mimi litakuwa uongo. Kuna mtu aliwahi kuandika kwamba koti langu la suti ni la kuazima. Nililifuta kabla hajapumua. Hilo halikuwa maoni, lilikuwa uchochezi. (Koti ni la Osea, lakini linanikaa mimi vizuri zaidi.)

Restuta amepiga simu analia. Shangazi yake ana biashara hapa mjini na watu wamemchafua, wateja wamekwisha, anafikiria kurudi Nanyala kuchuma kahawa ya kaka yake. Nilikuwa kwenye hesabu zangu za seva, sikusikia vizuri ni biashara gani. Nikamwambia wafanyabiashara wengi wanakosa mbinu za soko. Simu ikakatika. Mtandao wa Nanyala ni mbovu sana.

Alhamisi, 19 Juni

Mimi ni kichwa! Kama kampuni zote zinakataa, nitakuwa kampuni mwenyewe. Kompyuta yangu ya zamani itakuwa seva. Na itakaa wapi? Ndipo akili ilipofanya kazi. Nyumba ninayopanga, ya Mama Gwantwa, imekaa juu ya mpaka wenyewe. Sebule iko Tanzania, jiko liko Zambia. Jiwe la mpaka liko uani, analifungia kamba ya kuanikia nguo.

Nimeweka kompyuta juu ya stuli katikati ya korido, miguu miwili huku, miwili kule. Umeme wa sebuleni, mtandao wa laini ya Zambia kutoka jikoni. Nani atanizima sasa? Wakija wa Tanzania naisukuma jikoni. Wakija wa Zambia naivuta sebuleni. Nimefanya mazoezi asubuhi yote, kusukuma na kuvuta. Mama Gwantwa alinitazama muda mrefu akiwa na mwiko mkononi, halafu akaniuliza kama nimekula.

Imewaka! Mpakani Bila Pazia iko hewani, na Jicho Kavu yuko juu kabisa, palepale. Nimetokwa na machozi ya furaha.

Ijumaa, 20 Juni

Imezimwa! Nimeruka kitandani kama nimeunguzwa. Mama Gwantwa kachomoa waya achomeke pasi, anyooshe kitenge cha kanisani. Bila taarifa! Hata ile kampuni ya Dar iliniandikia kwanza.

Tumekubaliana. Hatapiga pasi mpaka Jumamosi ipite, na mimi nitamtekea maji. Nilipomaliza ndoo akaniuliza hiki kidude kinasema nini hasa, maana yeye miwani yake imevunjika. Nikamsomea cha juu. Akasema Tusekile anamjua, ni mtu safi. Nikasema najua, mimi nakula pale kila siku na sijawahi kuumwa hata tumbo. Akaniuliza, basi mbona hiyo hukuiandika humo?

Nikachukua ndoo nikaenda tena kuteka, ingawa pipa lilikuwa limejaa.

Jumamosi, 21 Juni

Sijui nianzie wapi. Bado nimeduwaa.

Tumefika Nanyala, mimi na baba mdogo Osea, mimi ndani ya koti. Kahawa imeanikwa uani, nyumba imefagiliwa, Restuta kavaa gauni la bluu na hanitazami, jambo ambalo nililichukua kama adabu. Osea kaeleza tulichokifuata, kwa maneno mazuri. Mzee Eliakim akasema kwao posa haipokelewi mpaka shangazi wa binti aseme neno lake. Basi aitwe.

Akatoka jikoni na sinia la chai. Mama Tusekile!

Nilitaka kuingia chini ya kiti. Ndipo nikakumbuka Restuta alishawahi kunitajia jina la huyo shangazi. Siku hiyo nilikuwa nasoma maoni. Lakini Mama Tusekile aliponiona aliweka sinia chini akacheka kwa furaha, akanishika mkono, akawaambia wote kwamba mji mzima ulipoisusa sufuria yake, kijana huyu peke yake alikuja kula, kila siku, mchana kweupe. "Kaka," akasema, "huyu mpe mtoto. Huyu ana utu."

Mzee Eliakim akavua miwani akaifuta. Akasema mwanamume wa namna hiyo anamtosha. Hakuna haja ya kuona kampuni. Tusimame tuombe.

Hakuna haja! Nayaandika maneno yake hapa kama alivyoyasema. Osea akanikanyaga mguu, na ninajua sasa alimaanisha ninyamaze. Restuta akainua uso kwa mara ya kwanza. Lakini kompyuta yangu ilikuwa imesimama juu ya nchi mbili! Nimeteka maji mpaka mabega yanauma! Mama Gwantwa atakwenda kanisani na kitenge chenye mikunjo kwa ajili yangu! Nikasema, hapana mzee, lazima uione.

Nikampa simu. Ikafunguka papo hapo. Nanyala, penye mtandao wa kubahatisha, ikafunguka!

Mzee Eliakim amezoea kusoma masomo kanisani, kwa hiyo akasoma kwa sauti. Akasoma jina la tovuti. Akasoma mwanzilishi na mkurugenzi, jina langu kamili ambalo nililiweka Alhamisi hii kwa ajili yake, na wote wakapiga makofi. Akaendelea na mstari uliofuata. Nilijaribu kumnyang'anya simu, akanisukuma mkono, na yeye si mtu wa kukatisha somo njiani. Alisoma yote. Dawa, maharage, jina la dada yake, na idadi ya waliopenda.

Mama Tusekile alikuwa bado kanishika mkono. Akauachia. Akaniuliza taratibu kama siku zote zile nilizokuwa nakula pale chapisho hilo lilikuwa limo humo. Nikamwambia sikuliandika mimi. Akasema hakuniuliza hilo.

Restuta alisimama mlangoni. Akasema malalamiko ya kwanza yaliyofika kwenye kampuni ya Dar aliyaandika yeye, na alikuwa akiomba kila siku amjue mwenye tovuti hiyo. Akaingia ndani. Osea akachukua koti lake, la mwilini mwangu, tukaondoka.

Wala hakuna aliyesifu kasi ya kufunguka.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Nimelia. Nampenda Restuta, hilo halina utani. Nimempigia mpaka simu imeisha chaji.

Mama Gwantwa amerudi kutoka ibadani akiwa ameshasikia yote. Kachomoa kompyuta, kaitoa nje, kaiweka upande wa Zambia. Mimi kaniambia nihame, upande wowote.

Nawaza kosa lilikuwa wapi. Kosa ni la wenye seva. Wangeniacha kwa amani pale Dar, nisingekuwa na papara, na mtu asiye na papara angelisikia lile neno la "hakuna haja."

Jumanne, 24 Juni

Mshtuko juu ya mshtuko! Danford kaiandika habari ya Nanyala yote kwenye Tunduma Moto. Koti, chai, somo, kila kitu. Jina langu kaliweka juu kabisa ya ukurasa! Mtu mzima anamdhalilisha mwenzake hivyo, kisa wasomaji? Hivi watu hawana roho?

Nimewaandikia kampuni ya Dar haraka, maana naye wanamhifadhi wao. Nimeeleza kwamba maneno yanaumiza, yanavunja riziki na ndoa, na kampuni yenye heshima haiwezi kumpa hifadhi mtu wa aina hiyo. Yule dada kajibu ndani ya dakika chache, tena kwa upole, kwamba ameshaongea na Danford na Danford kaifuta mara moja. Kaifuta! Nimeshangaa. Kijana hana msimamo hata kidogo.

Njaa ikaniuma. Nimekwenda kwa Mama Tusekile. Foleni imerudi! Madereva walioisoma habari ya Danford wamejaa mpaka nje, mabenchi hayatoshi. Nimesimama kwenye jua kama mtu wa kawaida, nikasogea, nikasogea, nikafika mbele ya sufuria na sahani yangu mkononi. Akanitazama. Hakukasirika. Akafunika sufuria, akamuuliza dereva aliyekuwa nyuma yangu anakula nini.

Nimeshtuka kuliko siku zote za wiki hizi mbili. Mteja mwaminifu, pesa mkononi, njaa tumboni, ananyimwa huduma mbele za watu! Inaruhusiwa?

Haitapita hivihivi. Nimepata kampuni ya nje, mbali kabisa, ambayo haiulizi maswali. Tovuti mpya iko hewani tangu saa kumi. Chapisho la kwanza limeandikwa na mtu asiyetaja jina, kuhusu mpishi mmoja wa Tunduma anayebagua wateja. Nimelibandika juu kabisa, na sasa nasubiri lisomwe.