Injini ya Hajjat Inshirah

Bayumi aliiona sufuria kabla hajaliona gari. Ilikuwa imetegwa chini ya injini, mbele ya jengo la Hajjat Inshirah pale Shubra, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Mwenye gari anayekinga maji kwa sufuria ni mtu aliyechoka, na aliyechoka huuza. Tena Bayumi alikuwa na haja. Alikuwa amemchumbia Daulat muda mrefu hadi pete ikafifia, na Mzee Maujud, baba wa Daulat, alikuwa ameapa kwamba mkwe asiye na gari si mkwe. Watu walimwita Bayumi fundi kwa hisani yao tu. Spana aliibeba kama wengine wabebavyo bakora ya matembezi.

"Mama Hajjat, hilo gari linaumwa?" akaita.

"Linakunywa maji kuliko ngamia, mwanangu!" Bibi akajibu kutoka roshani. "Wamebadilisha rejeta, wakabadilisha pampu, wakabadilisha mipira. Nikitazama sufuria, kavu! Yanakwenda wapi, Mungu ndiye ajuaye. Mafundi wamenimaliza mjane mie."

"Hawana haya hata kidogo," alisema Bayumi, kwa uchungu wa mtu aonaye riziki yake ikiliwa na wenzake.

Na tumpe haki yake: siku hiyo alifanya kazi. Alijaza maji, akawasha injini, akaiacha ipate moto, kisha akafuata mpira kwa mpira na kurunzi yake. Nyuma kabisa, mahali mkono unapofika kwa shida, klipu ya mpira wa hita ilikuwa imelegea. Maji yalidondoka tone tone juu ya bomba la moshi, yakawa mvuke kabla ya kufika chini. Dawa yake ilikuwa kuzungusha bisibisi kidogo tu, basi. Bayumi alikibana kicheko, akatoka chini ya boneti na uso wa matanga.

"Inna lillahi, Mama."

"Kafa nani?"

"Injini. Bloku, mwili wenyewe wa injini, imepasuka. Maji yanaingia ndani, yanaungua humo humo. Hii sasa ni ya kupimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu."

Bibi akashika kifua. "Uniapie basi. Tena twende hapo mkahawani ukaape mbele ya watu, wanangu wasije wakasema mama yao kaibiwa."

Bayumi akaapa mbele ya Maalim Qindili, mwenye mkahawa, na wanywaji wake wote, kwa sauti ya mwadhini. Akaongeza na chozi. Kisha, kwa huruma tu, akajitolea kulinunua gari kwa ajili ya vipuri, na akatoa akiba yake yote ya kitanda cha harusi. Akahimiza isomwe Fatiha upesi, Bibi asije akaita fundi mwingine. Mikono ikainuliwa, ikapakwa usoni. Karatasi huchanwa, lakini biashara iliyosomewa Fatiha mtaani pale hairudi.

Alasiri akaikaza klipu. Ijumaa akawachukua Daulat na babake kutembea. Mzee Maujud alikaa nyuma akitafuna mbegu za maboga, na kwa mara ya kwanza alimwita Bayumi "mwanangu." Bayumi akahisi harusi imeshafika.

Walipofika katikati ya daraja, mshale wa joto ukapanda, boneti ikafuka. Bayumi akasubiri, akafungua kifuniko cha rejeta, na vipande vyeupe vya yai lililoiva vikaelea juu pamoja na pilipili manga. Hata yeye aliijua dawa hiyo. Ni ya kuziba ufa siku mbili tatu, mpaka mnunuzi apatikane. Katika maisha yake Bayumi alikula viapo vingi, na kilichotokea kuwa cha kweli ni kimoja tu, kile cha bloku iliyopasuka.

Walilisukuma gari hadi Shubra. Hajjat Inshirah alikuwa mlangoni kwake, anakunywa chai.

"Mama, umeniuzia injini iliyopasuka!"

"Mimi? Nani alinifundisha neno bloku? Maalim Qindili, huyu hakuapa?"

"Aliapa," akasema Maalim kutoka mkahawani. "Akalia kabisa."

Bayumi akainama, akanong'ona: "Na ile klipu?"

"Niliilegeza mwenyewe," Bibi akamnong'oneza. "Ndege hanaswi bila mtama, mwanangu. Kunywa chai."

Mzee Maujud, aliyesukuma gari njia nzima, akamgeukia Bayumi. "Hebu nielewe. Ama ulimdanganya mjane wa watu ukidhani gari ni zima, ama ulinunua gari bovu ukijua ni bovu. Wewe ni mwizi au mjinga?"

Bayumi akamtazama Daulat. Alimpenda, hilo hakulibuni. Akawaza: baba gani humwozesha mwizi?

"Mjinga, Ami," akasema. "Wallahi, mimi ni mjinga."

Mzee akashusha pumzi, akamshika binti yake mkono.

"Bahati mbaya," akasema. "Mwizi ningemwozesha. Nyumbani kwa mwizi hakukosi mkate. Mjinga nitamlisha mimi."

Daulat akavua pete, akaiweka juu ya boneti, akamfuata babake.