Mama Mkwe Kalavatini

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mwanaidi, mke wangu wa ndoa, amesema mbele ya watoto kuwa nimeota kitambi. Halafu akamtaja Sadala, mume wa mdogo wake. Eti Sadala yuko fiti. Nani asingekuwa fiti? Anauza mahindi ya kuchoma Mombo, kutwa anakimbizana na mabasi. Hiyo si riadha, ni biashara! Nimempigia simu papo hapo. Jumamosi kuna mbio za kijiji hapa Sindeni. Atakayeshindwa atalima shamba la mama mkwe peke yake, vuli nzima. Kakubali huku anacheka. Hana adabu.

Jumanne, 7 Oktoba

Jamaa mmoja kwenye simu anafundisha kuwa usijione mtu anayefanya mazoezi, jione mwanariadha. Nimejiona. Nimemweleza Mwanaidi kuwa mwanariadha hachoti maji, anapumzisha misuli. Kajibu kuwa basi mwanariadha ataoga jasho lake. Jioni nimekimbia mpaka msikitini. Nimerudi na bodaboda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Magoti hayakunjiki. Chooni ni mtihani. Lakini mwanariadha hutumia akili! Huku kwetu mtu hapiti mbele ya mama mkwe kama mbuzi. Unatoka njiani, unachuchumaa, unaamkia, unangoja ruhusa. Na mama mkwe wetu, Bi Maryamu, akianza kuulizia hali huulizia mpaka kuku. Nimemwomba siku ya mbio akae pale kalavatini, mbio zinapopita, atushangilie. Kafurahi mno. Kigoda nimempelekea mwenyewe. Sadala atatangulia, atanaswa. Mimi nitakuja nyuma, nitakatiza kwenye mihogo ya watu, mama hataniona.

Jumamosi, 11 Oktoba

Dhuluma! Filimbi ilipolia, uanariadha ukanipanda kichwani. Nikatoka mbio kuliko wote. Sadala nyuma kabisa! Nikasahau kila kitu, hata mihogo. Kufika kalavatini, macho yangu na ya mama mkwe yakakutana. Nikachuchumaa. Akaulizia mke, watoto, paa linalovuja, yule kuku aliyeugua kideri. Sadala akatokea. Nikasema moyoni, haya, na wewe chuchumaa. Mama akamwambia apite tu, wameshaamkiana alfajiri. Kumbe Sadala aliingia jana kutoka Mombo, akalala kwa mama! Huo si udanganyifu? Na nilipopewa ruhusa mimi, magoti yakagoma. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenishika mkono kuniinua, watu wanatazama. Nimefedheheka.

Jumapili, 12 Oktoba

Shambani tangu asubuhi. Viganja vimejaa malengelenge. Sadala kapita akielekea Mombo, kanipungia mkono. Mwanaidi kaniletea bada, ugali wetu wa muhogo, na maneno juu yake: mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima gani? Mimi nilipeleka kigoda!

Mpango haukuwa na kasoro yoyote. Ni kwamba mkwe mmoja hakutosha. Mwakani nitamwamkia mama alfajiri, kabla Sadala hajaamka. Kalavatini nitamweka baba mkwe. Yeye hasikii vizuri, kila salamu lazima uirudie. Jioni naanza kumchongea kigoda.